Nyumba ya Mtu, Chumba cha Kulipia: Malazi ya Mashambani Uingereza

Miongoni mwa malazi anayoweza kuyapata msafiri nchini Uingereza, ni machache yanayomfunulia maisha ya wenyeji kwa ukaribu kama nyumba ile ya familia ambayo mwenyewe hutoa vyumba viwili au vitatu kwa wapita njia, akawapa kitanda usiku na chakula asubuhi, na ambayo Waingereza wote huiita kwa herufi tu, B&B, yaani kitanda na kifungua kinywa. Nyumba hiyo si hoteli, kwa kuwa haina mapokezi yanayokesha, haina lifti wala mhudumu wa kubeba mizigo, na mara nyingi haina hata chakula cha jioni. Wala haifanani na gesti ya Kariakoo au ya Mombasa, ambako mteja hulipa dirishani, hukabidhiwa ufunguo, sabuni na taulo, na anaweza kukaa wiki nzima asimjue mwenye jengo. Kwenye B&B ya kijijini mwenye nyumba yumo humohumo: ndiye anayefungua mlango, ndiye atakayekaanga mayai, na ngazi anazopanda mgeni kwenda kulala hupita mbele ya sebule ambamo yeye amekaa na mbwa wake akitazama televisheni. Karibu kila jambo linalomshangaza mgeni katika malazi hayo, kuanzia adabu zake hadi sheria zake, linatokana na hali hiyo ya nyumba kuwa ya mtu na papo hapo kuwa ya biashara.

Desturi ya kulaza wapita njia kwa malipo ni kongwe, lakini sura yake ya sasa ilianza kuchorwa na reli za karne ya 19, zilizowachukua wafanyakazi wa viwanda vya Lancashire na Yorkshire hadi miji ya pwani kama Blackpool, ambako kina mama wenye nyumba waligundua kuwa chumba cha ziada kinaweza kulipa kodi ya nyumba nzima. Baiskeli ikafuata. Chama cha waendesha baiskeli watalii kilichoanzishwa mwaka 1878 kilikuwa kikiwaonyesha wanachama wake nyumba na hoteli za kuaminika, zikitambulishwa kwa kibao chenye magurudumu yaliyoota mabawa, na kwa njia hiyo watu wa mijini wakaanza kulala katika vijiji ambavyo hapo awali hawakuwa na sababu ya kuvifikia. Mwaka 1938 Bunge lilipitisha sheria ya likizo yenye malipo, na ingawa vita vilichelewesha matunda yake, baada ya 1945 mamilioni ya watu wenye kipato cha kawaida walikuwa na wiki moja au mbili za mapumziko na fedha kidogo mfukoni, wakitafuta pahali pa kulala pasipo na gharama ya hoteli.

Hatua iliyofuata ilihusu ardhi. Sheria ya mwaka 1949 iliruhusu kuundwa kwa hifadhi za taifa, na ya kwanza, Peak District, ilitangazwa mwaka 1951. Hapa msikilizaji wa Afrika Mashariki anahitaji tahadhari, kwa sababu hifadhi ya taifa ya Kiingereza haifanani hata kidogo na Serengeti au Tsavo: haina geti la kulipia kiingilio, sehemu kubwa ya ardhi yake ni mali ya watu binafsi, na ndani yake mna vijiji, makanisa, shule, baa na mashamba ya kondoo ambayo wenyewe wanaendelea kuyalima na kuyafugia. Kinacholindwa ni mandhari pamoja na haki ya umma ya kuyafikia, na kuhifadhi hakukuhitaji kumhamisha mkazi yeyote. Basi nyumba za kuwalaza wageni zilikuwapo tayari. Zilichohitaji ni mashuka safi na kibao dirishani.

Kilichowaleta wageni wenyewe ni njia za miguu. Uingereza ina zaidi ya kilomita 180,000 za njia ambazo sheria inampa kila mtu haki ya kuzipita, hata pale zinapokatiza katikati ya shamba la mtu, mradi mpitaji asitoke njiani na asiache geti wazi mifugo ikatoroka. Mwaka 1935 mwandishi Tom Stephenson alitoa makala gazetini akipendekeza njia moja ndefu ifuate uti wa mgongo wa milima ya kaskazini; ikachukua miaka 30 ya kubembeleza wenye ardhi na serikali hadi Pennine Way ilipofunguliwa mwaka 1965, ikianzia kijiji cha Edale huko Derbyshire na kuishia Kirk Yetholm, ng'ambo tu ya mpaka wa Scotland, umbali wa yapata kilomita 430. Mtu anayetembea kilomita 20 au 25 kwa siku hufika jioni pahali ambapo hakuna hoteli wala hapatarajiwi kujengwa hoteli. Akifika amelowa, ana njaa, na anahitaji chumba kimoja kwa usiku mmoja tu, aina ya mteja ambaye kampuni kubwa haimtaki lakini mke wa mfugaji mwenye vyumba vilivyoachwa na watoto waliohamia mjini anamtaka sana.

Wakulima nao walikuwa na sababu zao za kuhitaji wageni. Mwaka 1984 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya iliweka kikomo cha maziwa ambayo kila nchi, na hatimaye kila mfugaji, angeweza kuyauza, kwa lengo la kupunguza milima ya siagi iliyokuwa ikirundikana maghalani, na familia nyingi za wafugaji zikajikuta zikitafuta njia nyingine ya kuziba pengo la mapato. Vyumba vya kulala ndivyo vilivyokuwa karibu zaidi. Ukubwa wa utegemezi huo ulidhihirika mwaka 2001, ulipozuka ugonjwa wa miguu na midomo, ambao huwashambulia ng'ombe, kondoo na nguruwe na huenea kwa kasi ya kutisha: zaidi ya wanyama milioni sita walichinjwa, njia za miguu zikafungwa karibu nchi nzima, na Cumbria, eneo la maziwa na milima linalopendwa kuliko mengine, likapigwa vibaya kuliko yote. Mfugaji aliyechinjiwa kondoo wake alilipwa fidia. Mwenye vyumba vitupu hakuwa na fidia ya namna hiyo, ingawa vilikuwa vitupu kwa sababu ileile, na ilibainika mwaka huo kwamba hasara ya utalii wa mashambani ilikuwa kubwa kuliko ya kilimo chenyewe.

Mgeni hupokelewa kwa kawaida kuanzia saa kumi alasiri, na saa hiyo inafaa kuheshimiwa, kwa maana kabla yake mwenye nyumba huwa anabadilisha mashuka au ameenda sokoni, na hana mtu wa kumshikia zamu. Viatu vyenye matope huvuliwa mlangoni. Huonyeshwa chumba, huelezwa jinsi bomba la kuogea linavyofanya kazi, maelezo ambayo hayapaswi kudharauliwa kwa sababu mabomba ya Kiingereza yana tabia zake, na katika nyumba za zamani sinki huwa na mabomba mawili yaliyotengana, moja likitoa maji ya kuunguza na jingine maji ya kugandisha, yakimwachia mnawaji kazi ya kuyapatanisha. Hukabidhiwa funguo mbili, wa chumba na wa mlango wa mbele. Huo wa pili ndio unaoitofautisha nyumba hii na nyingine nyingi duniani: mtu asiyejulikana, aliyefika dakika kumi zilizopita, amepewa uwezo wa kuingia katika nyumba ya familia usiku wa manane, na jambo hilo hufanywa kila siku bila mbwembwe.

Chumbani, juu ya kabati au meza ndogo, huwa kuna sinia, nalo lastahili kutazamwa. Lina birika dogo la umeme, vikombe viwili vilivyofunikwa, vipakti vya chai, kahawa na sukari, vijikopo vya maziwa vya ukubwa wa kidole gumba, na biskuti mbili mbili katika karatasi zake. Katika mila za pwani ya Afrika Mashariki, mgeni akifika hukaribishwa kwa kuletewa, na kuletewa huko ndiko heshima; hapa heshima imegeuzwa upande wa pili, kwamba mgeni aachwe peke yake, ajitengenezee, asilazimike kuzungumza na mtu ikiwa amechoka. Asiyelijua hilo anaweza kudhani amepuuzwa. Chai yenyewe yaelekea imetoka karibu na kwao, kwa kuwa Kenya ndiyo nchi inayoiuzia Uingereza chai nyingi kuliko nyingine yoyote, na simu yake ataichaji bila kutafuta kibadilishi, kwani soketi ya matundu matatu ya bapa inayotumika Kenya, Tanzania na Uganda ni ileile ya Kiingereza. Anayetoka Bujumbura au Lubumbashi ndiye atakayehitaji kibadilishi.

Jioni mgeni hutoka kwenda kula kwenye baa ya kijiji, ambayo katika vijiji vya huko ni zaidi ya mahali pa pombe: ni mkahawa, ni baraza la habari, na wakati mwingine ni jengo pekee lenye taa baada ya saa mbili usiku. Kabla ya kulala huenda akakuta kikaratasi cha kuchagulia chakula cha asubuhi, achore alama mbele ya vitu avipendavyo na kuandika saa atakayoshuka, baina ya saa mbili na saa tatu, kisha akiache ukumbini.

Asubuhi ndiyo kilele cha biashara nzima. Kifungua kinywa kamili cha Kiingereza ni sahani ya moto yenye vipande vya beikoni, yaani nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, soseji, mayai, nyanya iliyokatwa nusu na kuchomwa, uyoga na maharagwe ya kopo yaliyo katika rojo tamu ya nyanya. Kaskazini mwa nchi huongezwa vipande vyeusi vya soseji iliyotengenezwa kwa damu ya nguruwe na nafaka. Kabla ya sahani hiyo kuna nafaka kavu za kutia maziwa, juisi na matunda. Baada yake kuna tosti na jamu ya machungwa yenye uchungu kidogo. Tosti huletwa zikiwa zimesimamishwa moja moja katika kijichanja cha chuma, ili zisilowe kwa mvuke wake zenyewe, na matokeo yake ni kwamba hufika zikiwa kavu na baridi, siagi isiyeyuke. Waingereza wamejua kasoro hiyo kwa vizazi na hawana mpango wa kuirekebisha. Wageni katika meza za jirani huzungumza kwa sauti ya chini kana kwamba wako msibani, na mwenye nyumba hupita akiuliza kama wamelala vizuri, swali ambalo jibu lake linalotarajiwa ni moja.

Kwa msafiri Mwislamu, na kwa Mkristo wa madhehebu yasiyokula nguruwe, sahani hiyo inadai tahadhari kuliko inavyoonekana. Kuondoa beikoni na soseji hakutoshi, kwa sababu mayai na uyoga mara nyingi hukaangwa katika kikaango kilekile na mafuta yaleyale. Njia salama ni kueleza wakati wa kuagiza chumba, si asubuhi wakati jiko limekwisha kuwaka, na kuomba mayai ya kuchemsha, uji wa shayiri, au samaki aliyekaushwa kwa moshi, chakula cha asubuhi cha Waingereza tangu zamani ambacho watu wa pwani hawatakiona kigeni. Wenye nyumba wengi siku hizi wamezoea maombi ya wasiokula nyama, na ombi lililotolewa mapema huwafurahisha kwa vile huwapunguzia kazi. Soseji ya halali katika kijiji cha watu mia tatu ni jambo la kubahatisha, ingawa Bradford na Leicester zimejaa mabucha yake.

Upande wa sheria una historia isiyopendeza sana, nayo haifai kurukwa. Sheria ya Kiingereza tangu kale imeibebesha nyumba ya wageni ya umma wajibu wa kumpokea msafiri yeyote aliye na uwezo wa kulipa na aliye katika hali ya kupokeleka, wajibu uliothibitishwa tena katika sheria ya hoteli ya mwaka 1956. Wajibu huo ndio uliomwezesha Learie Constantine, mchezaji wa kriketi mashuhuri kutoka Trinidad, kuishtaki hoteli moja ya London iliyomkatalia malazi mwaka 1943 kwa sababu ya rangi yake. Alishinda mwaka 1944, akapewa fidia ya gini tano, kiasi kidogo kwa kesi iliyotikisa nchi. Lakini nyumba ya mtu binafsi haikuhesabiwa kuwa nyumba ya wageni ya umma, na mwenyewe alikuwa huru kuchagua amlaze nani. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 wahamiaji kutoka Karibi, Asia na Afrika walikuta vibao madirishani vikiwakataa waziwazi. Sheria ya kwanza ya mahusiano ya rangi, ya mwaka 1965, ilizigusa hoteli na baa. Ile ya 1968 iliingia katika nyumba za kupanga na huduma nyingine nyingi, ila iliacha mwanya kwa nyumba ndogo ambamo mwenyewe anaishi pamoja na wapangaji wake.

Swali la mpaka kati ya nyumba na biashara lilifika tena mahakamani baada ya wenye nyumba wawili wa Cornwall, Wakristo waliokuwa wakiishi katika jengo lilelile walilowalazia wageni, kuwanyima chumba cha kitanda kimoja wanaume wawili waliokuwa wamesajili uhusiano wao kisheria. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kuwa kitendo hicho kilivunja sheria ya ubaguzi, na kwamba imani ya mtu, hata akiwa ndani ya kuta zake mwenyewe, haimwondolei masharti yanayomfunga kila anayeuza huduma kwa umma. Vyovyote mtu atakavyoiona hukumu hiyo, ilifunga mjadala wa kisheria: anayetangaza vyumba vyake kwa umma amefungua biashara, ijapokuwa mlango ni wa nyumbani kwake.

Inashangaza kwamba mtoza kodi huiona nyumba hiyohiyo kwa jicho jingine. Mwenye nyumba asiyelaza zaidi ya watu sita kwa wakati mmoja, ambaye nyumba hiyo ndiyo makazi yake hasa na wageni ni jambo la pembeni, halipi kodi ya majengo ya biashara bali hulipa ile ya makazi kama jirani zake. Na tangu 2016 anaweza kuingiza hadi pauni 7,500 kwa mwaka kutokana na vyumba vya nyumba anamoishi bila kutozwa kodi ya mapato. Idadi kubwa ya nyumba hizi zina vyumba vitatu, na wala si kwa sababu za usanifu.

Sheria moja zaidi inawahusu wasikilizaji kwa namna ya pekee. Amri ya mwaka 1972 inamtaka kila anayepokea wageni kwa malipo aandike jina na uraia wa kila mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi, na ahifadhi kumbukumbu hizo kwa miezi 12. Wageni wa kutoka nje hudaiwa pia namba ya pasipoti na mahali wanapoelekea, isipokuwa raia wa Ireland na wa nchi za Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda, ambaye nchi yake ilijiunga na jumuiya hiyo mwaka 2009, hawadaiwi namba ya pasipoti kwa mujibu wa amri hiyo, huku Mkongo, Mrundi na Mwomani wakidaiwa. Mwenye nyumba anayeomba pasipoti ya kila mtu huenda hajaisoma amri vizuri, na si lazima awe na nia mbaya.

Tangu mwaka 2008 biashara hii imepata mshindani aliyechukua hata jina lake. Airbnb ilianza San Francisco kwa wazo la godoro la upepo na kifungua kinywa katika nyumba ya mtu, lakini sehemu kubwa ya kinachotolewa kupitia mtandao huo leo ni nyumba nzima zisizo na mwenyeji, ambazo mgeni hufungua kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Katika vijiji vya Cornwall na vya eneo la maziwa la Cumbria, nyumba za namna hiyo pamoja na nyumba za pili za matajiri wa mijini zimepandisha bei kiasi kwamba vijana waliozaliwa huko hawawezi kununua. Serikali imejibu kwa kodi: tangu Aprili 2025 halmashauri za England zinaweza kutoza nyumba ya pili mara mbili ya kodi ya kawaida ya makazi, na nafuu za kodi walizokuwa wakizipata wenye nyumba za likizo zimefutwa mwezi huohuo. B&B ya kweli haina lawama katika suala hili. Mwenyewe anaishi kijijini, watoto wake husoma katika shule ya hapo, na kitanda anachokiuza kimo katika nyumba ambayo isingepangishwa kwa mtu mwingine. Anayeuliza yapi kati ya malazi hayo mawili yanakifaa zaidi kijiji hana haja ya kutafuta jibu mbali.

Methali ya Waswahili inampa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe. Katika nyumba hizi hapewi jembe hata akikaa mwezi, ila anatarajiwa kushuka kula kwa wakati, kuacha bafu likiwa safi na kukabidhi chumba saa nne asubuhi. Bahashishi haitarajiwi, kwa sababu anayepika ndiye mwenye mali. Nyumba nyingi hufungwa majira ya baridi, na zile zilizo kandokando ya njia maarufu za miguu hujaa Julai na Agosti, hivyo anayepanga safari ya wakati huo apige simu kabla ya Pasaka, azungumze na mwenye nyumba mwenyewe, amtajie saa atakayofika na vyakula asivyokula, na aulize baa ya kijiji huacha kupika saa ngapi, maana nyingi hufunga jiko mapema kuliko anavyodhani mtu aliyezoea miji.